Kudhibiti Kasi ya Feni za Kompyuta ya Mezani: Mwongozo Kamili

Kinachochosha zaidi katika kelele ya feni ni kule kupanda na kushuka. Feni inayozunguka mara 1,100 kwa dakika kutwa nzima, masikio huizoea na kuisahau. Ile inayoruka hadi 2,000 kila unapofungua ukurasa wa intaneti, ikanyamaza, kisha ikaruka tena, ndiyo inayomfanya mtu atamani kuichomoa waya. Ukiichomoa, prosesa itapata joto, kompyuta itaanza kwenda polepole, na mwisho itajizima katikati ya kazi.

Mwongozo huu unalenga kukupa feni zinazofuata joto bila papara, lakini zenye akiba ya nguvu ya kutosha saa nane mchana mwezi wa Februari, ndani ya duka lenye paa la mabati. Utamfaa mwenye saiba Kawangware, anayerekodi muziki chumbani kwake Umoja ambako maikrofoni inanasa kila mvumo, na mwanafunzi aliyejinunulia kompyuta iliyotumika pale Moi Avenue. Fuata hatua kwa mpangilio wake. Hasa usiiruke ile ya usafi ukakimbilia ya programu, kwa maana hakuna programu inayoweza kuondoa vumbi.

## Tambua kompyuta yako ni ya aina gani

Kompyuta nyingi za mezani utakazokutana nazo Nairobi zimo katika makundi mawili. La kwanza ni zile zilizounganishwa na fundi kipande kwa kipande, zenye ubao mama wa ASUS, Gigabyte, MSI au ASRock. Hizi hukupa uhuru mkubwa, na sehemu kubwa ya mwongozo huu inazihusu. La pili ni kompyuta za ofisi zilizotumika ng'ambo kisha zikaletwa huku, zile tunazoziita ex-UK: HP EliteDesk na ProDesk, Dell OptiPlex, Lenovo ThinkCentre. Watengenezaji wake wamezifunga mambo mengi, kwa hiyo nimezitengea sehemu yake hapo mbele.

Kabla ya kufungua kasha, zima kompyuta, chomoa waya wa stima ukutani, kisha bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki uishe. Gusa chuma cha kasha kwa mkono mtupu kabla ya kugusa chochote cha ndani, ili umeme tuli wa mwilini usiharibu ubao.

Sasa fuata waya wa kila feni hadi unakoishia, uhesabu pini.

Feni ya pini 3 ina waya wa ardhi, waya wa volti 12, na waya wa kuripoti kasi. Hupunguzwa kasi kwa kupunguziwa volti, kutoka 12 kushuka hadi karibu 5. Chini ya hapo feni nyingi hushindwa kuanza kuzunguka. Njia hii kwenye BIOS, ile skrini ya mipangilio ya ubao mama inayofunguliwa kabla ya Windows, huandikwa DC.

Feni ya pini 4 hupewa volti 12 muda wote. Pini ya nne hupitisha mapigo ya umeme yapatayo 25,000 kwa sekunde, na urefu wa kila pigo ndio unaoiambia feni izunguke kwa kasi gani. Hii huandikwa PWM. Ndiyo njia bora, kwa sababu feni huweza kwenda polepole sana bila kukwama.

Plagi ya pini 3 huingia vizuri kwenye soketi ya pini 4, kwani ukingo wa plastiki unaipanga mahali pake. Lakini soketi hiyo ikiwa imewekwa PWM, feni ya pini 3 haielewi mapigo hayo na itazunguka kwa kasi yake yote. Malalamiko mengi ya "nimebadilisha kila kitu na feni bado inapiga kelele" huishia hapa: badilisha PWM iwe DC, na tatizo limekwisha.

Halafu kuna feni zilizounganishwa moja kwa moja na waya za pawa saplai kwa plagi kubwa nyeupe ya pini nne nene. Utazikuta sana kwenye makasha ya bei nafuu yenye feni za taa za rangi. Hizo hazina mdhibiti wowote. BIOS haizioni, programu haizioni. Ukitaka kuzitawala itabidi ununue feni nyingine zenye plagi ndogo ya pini 3 au 4 uzichomeke kwenye ubao mama. Soketi za feni zimeandikwa kando yake: CPU_FAN ni ya prosesa, CHA_FAN au SYS_FAN ni za kasha.

Soketi moja kwa kawaida huhimili ampea 1. Feni ya kawaida ya milimita 120 hutumia kati ya ampea 0.1 na 0.3, hivyo unaweza kuweka mbili kwenye soketi moja kwa waya wa kugawa. Soma kibandiko cha feni yako kwanza, kwa maana zenye taa hula zaidi. Waya mzuri wa kugawa hurudisha ripoti ya kasi ya feni moja tu. Usishangae ukiona namba moja kwa feni mbili.

## Vumbi kwanza

Anayeishi kando ya barabara ya marumu Rongai, au karibu na viwanda vya saruji Athi River, anajua jinsi meza inavyobadilika rangi kati ya asubuhi na jioni. Vumbi hilo hilo linaingia kwenye kasha na kuziba mapezi ya hitisinki, yale mabamba membamba ya alumini yaliyo chini ya feni ya prosesa. Mapezi yakiziba, hewa haipiti, na feni inaongezewa kasi kufanya kazi ambayo haiwezekani. Ukipunguza kasi ya feni katika hali hiyo, unaipika prosesa.

Toa kasha nje, mahali penye upepo. Tumia brashi laini ya kupaka rangi na blowa. Shika pangaboi la kila feni kwa kidole kabla ya kulipuliza: upepo mkali huizungusha feni kupita kiwango ilichotengenezewa na kuumiza beringi zake. Ondoa feni kwenye hitisinki kama skrubu zinaruhusu, maana tabaka baya zaidi la vumbi hujificha kati ya feni na mapezi, mahali ambapo ukitazama kwa juu huoni kitu. Pawa saplai ipulize kwa nje tu. Usiifungue, kwa sababu kapasita zake hubaki na umeme hatari hata baada ya kuchomolewa. Feni yake hujiongoza yenyewe, haihusiki na mambo ya hapa.

Kisha kuna pesti ya kupitisha joto kati ya prosesa na hitisinki. Kwenye kompyuta ya miaka saba au minane mara nyingi imekauka ikawa kama chokaa. Fungua hitisinki baada ya kuiacha kompyuta ifanye kazi kidogo ili pesti ilainike, kisha ukaizima na kuichomoa, uizungushe taratibu kushoto na kulia badala ya kuivuta kwa nguvu. Prosesa za AMD za soketi ya AM4 hung'oka pamoja na hitisinki zikivutwa kwa ghafla, na pini zake hupinda. Futa pesti ya zamani kwa kitambaa kisicho na manyoya na alkoholi ya isopropili, ambayo mafundi wa simu huitumia. Wasikupe tina (thinner ya rangi), inakula plastiki. Weka tone la pesti mpya lenye ukubwa wa punje ya mbaazi katikati, rudisha hitisinki, kaza skrubu kwa mshazari: nusu hapa, nusu kule, hadi zote zishike.

Ukiwa bado umefungua, angalia mwelekeo wa hewa. Feni hutoa hewa upande wenye vyuma au plastiki zinazoshikilia injini yake. Za mbele ziingize, ya nyuma itoe. Kwa mji wenye vumbi kama wetu napendelea hewa inayoingia izidi kidogo inayotoka, kwa sababu kasha likiwa na msukumo wa ndani, hewa haifyonzwi kupitia kila upenyo. Kipande cha chandarua safi mbele ya feni za kuingiza huzuia nyuzi na manyoya, mradi ukioshe kabla hakijaziba.

## Pima kabla ya kubadilisha

Kwenye Windows tumia HWiNFO au LibreHardwareMonitor, zote za bure. Andika mambo matatu: joto la chumba, joto la prosesa ikiwa imetulia, na joto lake ikiwa imebebeshwa kazi kamili. Kwa jaribio la kazi kamili, Cinebench ikiendeshwa kwa kurudiarudia inatosha. Anayehariri video anaweza kutoa faili ndefu kwa HandBrake, ambayo ni kazi halisi zaidi. Subiri angalau dakika 20 hadi 30. Dakika tano za kwanza hudanganya, kwa sababu chuma cha hitisinki na hewa ya ndani ya kasha bado vinaendelea kupata joto.

Prosesa nyingi za Intel za mezani zina kikomo cha takriban nyuzi 100, na za AMD Ryzen nyuzi 95, nyingine 90. Zikifika hapo hujipunguza kasi zenyewe. Mimi hulenga zisizidi 80 kwa kazi ndefu kwenye prosesa ya kawaida ya wati 65, ili kubaki na nafasi ya siku za joto.

Nafasi hiyo ni muhimu kwetu kwa sababu mbili.

Kwanza, Nairobi iko juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 15 ukiilinganisha na ya pwani yenye joto sawa. Feni ikizunguka mara 1,000 husukuma ujazo ule ule wa hewa Nairobi na Mombasa, lakini hewa ya Nairobi ina uzito mdogo, hivyo hubeba joto pungufu. Tofauti ni nyuzi chache, si janga. Ila inakuonya usinakili namba za mkunjo (mpangilio wa kasi ya feni kwa kila kiwango cha joto) kutoka kwa mtu wa Amsterdam kwenye video ukadhani zitakaa sawa hapa.

Pili, joto la prosesa hupanda karibu sambamba na joto la chumba. Ukipanga feni zako usiku wa Julai chumba kikiwa nyuzi 17, prosesa ikasoma 74, basi mchana wa Februari chumba kikiwa nyuzi 29 utaiona ikikaribia 86 kwa kasi ile ile ya feni. Kwa hiyo panga mchana wa jua kali. Ikiwa huna budi kupanga msimu wa baridi, ongeza nyuzi 10 hadi 12 kwenye matokeo yako kabla ya kuamua kama yanaridhisha.

## Ingia BIOS

Washa kompyuta huku ukibonyezabonyeza Del au F2. Ukiwa ASUS tafuta "Q-Fan Control", Gigabyte "Smart Fan", MSI "Hardware Monitor", ASRock "FAN-Tastic Tuning". Majina yanatofautiana kidogo kati ya toleo na toleo lakini mambo ndani yake ni yale yale: chagua feni, chagua PWM au DC, chagua joto la kufuatwa, kisha panga mkunjo.

Mkunjo ni mchoro wenye nukta nne au tano. Chini kuna joto, kando kuna asilimia ya kasi. Unavuta kila nukta, na BIOS huziunganisha. Baadhi ya bodi zina mipango iliyotayarishwa, "Silent", "Standard", "Full Speed". Mpango wa kimya wa kiwandani si mbaya kwa kuanzia, lakini hauijui hitisinki yako wala chumba chako.

## Kujenga mkunjo wa feni ya prosesa

Hapa ndipo pa kutumia muda.

Anza kwa kutafuta kasi ya chini kabisa ambayo feni yako inaweza kuishi nayo. Iweke kwa mkono asilimia 50, ishushe tano tano ukitazama namba ya mizunguko. Pale inapokwama, pakumbuke. Kisha ipandishe hadi ianze tena yenyewe. Utakuta inahitaji kasi kubwa kidogo kuanza kuliko kuendelea. Chukua ile ya kuanza, ongeza asilimia tano hadi kumi. Hapo ndipo sakafu yako, na mkunjo usishuke chini yake. Feni zinazeeka, grisi inakauka, na feni iliyoanza vizuri leo kwa asilimia 20 inaweza kushindwa asubuhi ya baridi mwakani.

Nukta ya pili ndiyo inayoamua utulivu. Prosesa za leo zina kipande kidogo sana cha silikoni, na joto lake huweza kuruka nyuzi 15 ndani ya sekunde moja unapofungua programu, kisha likarudi. Hitisinki yenyewe haikupata joto hilo. Chuma chake ni kizito na huchukua dakika kadhaa kubadilika. Feni inayoukimbiza kila mruko huo inakuwa kama dereva wa matatu kwenye msongamano wa Jogoo Road, mafuta na breki, mafuta na breki, bila kufika mapema. Kwa hiyo acha mkunjo uwe karibu tambarare kuanzia chini hadi nyuzi 60 au hata 65. Kwa Ryzen, ambazo huruka hivi hata zikiwa zimetulia, nenda 65.

Mfano ninaouanzia kwa prosesa ya wati 65 yenye feni ya milimita 92 au 120:

- hadi nyuzi 50: asilimia 30
- nyuzi 62: asilimia 40
- nyuzi 72: asilimia 60
- nyuzi 80: asilimia 80
- nyuzi 87: asilimia 100

Hizi si namba takatifu. Endesha jaribio la dakika 30 mchana, uone kompyuta inatulia wapi. Ikitulia nyuzi 70 na feni haikusikika, umemaliza. Ikitulia 84 huku feni ikivuma kwa asilimia 90, rudi kwenye vumbi na pesti, kisha ufikirie hitisinki kubwa zaidi. Mkunjo hauwezi kuiongezea hitisinki ndogo uwezo isiokuwa nao.

Baada ya nukta, tafuta mpangilio wa kuchelewesha. ASUS wanauita "Step Up" na "Step Down", MSI "Step up time" na "Step down time", Gigabyte wana "Temperature Interval", yaani joto libadilike kwa nyuzi ngapi ndipo feni ijali. Weka kupanda kuwe na kuchelewa kidogo, na kushuka kuwe na kuchelewa zaidi. Gigabyte jaribu nyuzi 3. Hakuna hatari katika sekunde hizo chache: prosesa hujilinda yenyewe papo hapo, na hitisinki ina akiba.

Kuhusu sauti yenyewe, kuna kanuni mbili za kukumbuka. Kupunguza mizunguko ya feni kwa nusu hushusha sauti yake kwa takriban desibeli 15, na sikio huusikia utofauti huo wazi kabisa. Kuongeza feni ya pili inayofanana na ya kwanza kwa kasi ile ile huongeza desibeli 3 tu. Ndiyo maana feni mbili au tatu zinazozunguka polepole ni tulivu kuliko moja inayokimbia, huku zikipitisha hewa sawa au zaidi. Anayerekodi sauti chumbani azingatie hili kabla ya kununua sponji za ukutani.

## Feni za kasha

Hizi hazipaswi kufuata joto la prosesa. Kazi yake ni kubadilisha hewa ya kasha zima, na hewa hiyo hubadilika polepole. Kwenye BIOS chagua zifuate joto la ubao mama, linaloandikwa "Motherboard" au "System". Lina tabia ya kutulia kati ya nyuzi 30 na 50, hivyo mkunjo wake uwe wa chini: asilimia 35 hadi nyuzi 38, asilimia 60 kwa nyuzi 45, asilimia 100 kwa nyuzi 55.

Mwenye kadi ya grafiki kubwa atakutana na tatizo moja. Wakati wa mchezo, kadi hutoa joto jingi kuliko prosesa, lakini BIOS ya bodi nyingi haisomi joto la kadi. Feni za kasha zinabaki zimelala huku kadi ikikosa hewa. Dawa yake iko kwenye programu.

## Programu kwenye Windows

FanControl ya Rémi Mercier ni ya bure na ndiyo ninayoipendekeza kwa moyo wote. Ipakue kutoka ukurasa wake rasmi, na uchukue toleo jipya: matoleo ya zamani yalitumia kiendeshi kiitwacho WinRing0, ambacho Windows Defender ilianza kukizuia mwaka 2025 kwa sababu ya udhaifu wa usalama. SpeedFan iliyokuwa ikisifiwa zamani haijasasishwa kwa miaka mingi na haizijui bodi mpya.

Ukiifungua mara ya kwanza itakuomba ipime feni zako. Ikubalie, itazishusha na kuzipandisha moja moja ili ijue soketi gani inaongoza feni gani. Zipe majina yanayoeleweka: "prosesa", "mbele juu", "nyuma". Kisha tengeneza mkunjo mmoja wa prosesa, mwingine wa kadi ya grafiki, na wa tatu wa aina ya "Mix" uliowekwa "Max". Huo wa tatu huchukua kubwa kati ya hiyo miwili. Zipe feni za kasha mkunjo huo. Sasa prosesa ikipata joto zitaamka, na kadi ikipata joto zitaamka vilevile.

Kwenye kila mkunjo kuna "Hysteresis", idadi ya nyuzi ambazo feni huvumilia kabla ya kubadilika, na "Response time", muda wa kusubiri. Nyuzi 3 hadi 4, na sekunde 3 hadi 5, zinatosha kuondoa ule mruko wote.

Sharti langu moja: kabla ya kutumia programu yoyote, weka mkunjo salama kwenye BIOS. Programu ikigoma katikati, au Windows ikikwama baada ya stima kupotea na kurudi, kompyuta iwe na pa kuangukia.

## Kwenye Linux

Kwa Ubuntu, Mint au Debian:

sudo apt install lm-sensors fancontrol
sudo sensors-detect
sensors
sudo pwmconfig
sudo systemctl enable --now fancontrol

Kwenye `sensors-detect` jibu YES pale inapopendekeza yenyewe, kisha ukubali iongeze moduli na uwashe upya kompyuta. Ukiandika `sensors` uone mizunguko ya feni, umefaulu. `pwmconfig` itasimamisha kila feni kwa muda mfupi, kwa hiyo funga kazi nzito kwanza. Itaandika faili `/etc/fancontrol` yenye MINTEMP na MAXTEMP (joto la chini na la juu), MINSTART (kasi ya feni kuanza) na MINSTOP (kasi ya chini kabla haijakwama). Thamani za kasi huenda kutoka 0 hadi 255, ambapo 255 ni kasi yote. Sakafu uliyoipata hapo juu ndiyo unayoiweka hapa: asilimia 30 ni karibu 77.

Kuna siku baada ya kusasisha mfumo huduma hiyo itakataa kuanza, kwa sababu namba za hwmon, yaani zile ambazo Linux huvipa vihisi vya joto na feni, zimebadilishana. Endesha `pwmconfig` upya. Asiyependa kuandika amri asakinishe CoolerControl, yenye mikunjo ya kuvuta kwa kipanya.

## Kompyuta za ex-UK

HP: bonyeza F10. Kwenye EliteDesk na ProDesk nyingi kuna "Increase Idle Fan Speed". Hicho hupandisha kasi ya chini tu. Kiweke sifuri upate utulivu, au kipandishe kidogo ikiwa kompyuta iko kwenye kabati lisilo na hewa. Lenovo ThinkCentre: bonyeza F1, tafuta "Intelligent Cooling", uchague kati ya utulivu wa sauti na upozaji bora. Dell OptiPlex: F2, lakini nyingi hazina mpangilio wowote wa kasi. Kwenye Linux kuna moduli ya dell-smm-hwmon inayosoma feni zake, na kwa baadhi ya modeli kuziongoza.

Kwa kompyuta hizi, njia ya kuituliza feni ni kuipunguzia kazi. Pesti mpya na mapezi safi mara nyingi huleta tofauti ambayo hakuna mpangilio ungeleta. Na angalia lile bomba la plastiki nyeusi linalofunika hitisinki na kuelekeza hewa. Kompyuta nyingi zimepita mikononi mwa watu kadhaa kabla ya kufika dukani, na bomba hilo ndilo la kwanza kupotea, kwa kuwa aliyelitoa aliliona halina kazi. Bila hilo, feni inavuta hewa ovyo na kuvuma kutwa. Ukinunua, omba kufunguliwa kasha ulione.

Usikimbilie kubadilisha feni ya Dell au HP kwa ya kawaida. Baadhi zina plagi zenye pini tano au mpangilio wa waya wa kwao, na ubao usipoisikia feni yake hutoa ujumbe wa hitilafu kila unapowasha. Tafuta yenye namba ile ile ya kibandiko. Maduka ya vipuri Luthuli Avenue huzing'oa kutoka kwa kompyuta zilizokufa.

## Kadi ya grafiki

MSI Afterburner hufanya kazi hata kwa kadi za kampuni nyingine. Kadi nyingi za sasa husimamisha feni kabisa chini ya nyuzi 50 hadi 60, jambo la kawaida. Zikiwa zinasimama na kuanza kila dakika, ziwekee kasi ya kudumu ya asilimia 30 badala yake.

## Yanayotatiza

ASUS ikisema "CPU Fan Error" baada ya wewe kupunguza kasi, feni si mbovu. Imeshuka chini ya kiwango kilichowekwa kwenye "Fan Speed Lower Limit". Kipunguze. Kama unatumia upozaji wa maji na hakuna kitu kwenye CPU_FAN, kiweke "Ignore".

Feni ikikwaruza kwa kasi moja tu, mfano kati ya 900 na 1,000, ni mtetemo unaolingana na kasha. Kaza skrubu, weka vipande vya mpira, au upange mkunjo uipite haraka sehemu hiyo. Ikikwaruza kwa kasi zote, beringi zimekwisha; tone la mafuta ya cherehani huleta nafuu ya muda tu, nunua nyingine.

Na kama BIOS inasahau mkunjo wako kila stima inapopotea, huku tarehe ikirudi miaka ya nyuma, betri ndogo ya CR2032 kwenye ubao mama imekufa. Ni kawaida kwa kompyuta zilizokaa ghalani muda mrefu. Hupatikana kwenye maduka ya saa na ya vifaa vya umeme. Piga picha ya mkunjo kwa simu kabla ya kuitoa, weka mpya maandishi ya + yakitazama juu au nje, sahihisha saa, kisha ingiza namba zako tena kutoka kwenye picha.